Tia Mkono Ndani ya Lundo

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo, akatulisha kwa udongo, na ndani ya udongo atatulaza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ndugu zangu katika imani, wazee wangu, mama zangu mlioko nyuma, naiusia nafsi yangu kabla ya kuwausia nyinyi: tumche Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo nataka tuzungumze habari ya ardhi. Theluji imeondoka, kina mama wameshaotesha mbegu kwenye vikopo dirishani, na wiki chache zijazo majembe yatatoka stoo. Haya ni ya kusemwa sasa, kwa sababu mbegu ikishaingia ardhini mawaidha yamechelewa.

Sote tunaijua habari ya Mtume wetu (s.a.w.) sokoni Madina. Alipita kwa mtu anayeuza nafaka, lundo zuri, kavu kwa juu. Akatia mkono ndani yake, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali kulikoni. Yule bwana akajitetea kwamba ni mvua tu iliyolowesha. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Hadithi hii huwa tunawasomea wafanyabiashara, nasi wengine tunakaa kimya kama haituhusu. Lakini itazameni vizuri. Yule muuzaji hakudanganya kuhusu mvua. Mvua ilinyesha kweli, na hakuinyesha yeye. Kosa lake halikuwa kuilowesha nafaka, lilikuwa kuwaachia watu lundo walitazame kwa juu tu. Na Mtume wetu, aliyekuwa na haki ya kupita zake, hakutosheka na alichokiona kwa macho. Alitia mkono.

Bustani zetu za hapa Buffalo, New York, na vitongoji vyake ni lundo la namna hiyo. Juu ni kijani kinachopendeza. Ndani kuna mvua ambayo hatukuinyesha sisi.

Nawapeleka kwenye ua mmoja wa West Side, wala sisemi wa nani, maana nyua kama huo ni nyingi. Nyumba ni ya mbao, imejengwa kabla babu zetu hawajazaliwa, na imepakwa rangi juu ya rangi kwa miaka mia. Rangi za nyumba katika nchi hii zilitiwa madini ya risasi hadi zilipopigwa marufuku mwaka 1978. Ukisimama ukutani utaona magamba ya rangi yamejikunja, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mengine yameshaanguka chini ya mchirizi wa paa. Na hapo hapo chini ya mchirizi ndipo mama wa nyumba alipopanda lengalenga, yaani mchicha, kwa akili nzuri kabisa ya mkulima, kwa sababu hapo kuna jua na maji ya paa yanamwagilia yenyewe. Mtoto wake wa miaka miwili amechuchumaa pembeni na kijiko, anachimba, halafu analamba vidole.

Risasi haiozi. Hailiwi na wadudu, haiyeyuki ikaenda zake na mvua kama chumvi. Inakaa kwenye tabaka la juu la udongo, pale pale tunapopanda na watoto wanapochezea, na itakaa hapo wajukuu wetu wakiwa wazee. Juu ya risasi ya rangi kuna ile iliyotoka kwenye moshi wa magari, petroli ilipokuwa ikichanganywa nayo, na iliyotoka kwenye mabomba ya moshi ya viwanda vya mji huu uliokuwa wa chuma. Udongo ambao haukuguswa na mambo hayo kwa kawaida una risasi kati ya miligramu 10 na 50 kwa kilo moja. Mwaka 2024 shirika la mazingira la Marekani lilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200. Yaani ua ambao juzi uliambiwa uko salama kwa kuwa una 300, leo hauko salama. Udongo ni ule ule. Ni wataalamu waliokiri kwamba mwili wa mtoto hauvumilii kiasi kile. Na madaktari wanatuambia hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto ambacho kimethibitika hakina madhara. Inaingia kwenye ubongo unaokua. Mtoto haugui homa wala hatapiki. Anakuwa mzito wa kusoma, mwepesi wa hasira, na sisi tunamchapa maneno tukidhani ni utukutu.

Sasa, mtu atasema: lakini mboga zangu zimestawi, majani mapana, zingekuwa na sumu si zingekauka? Hapa ndipo ninapotaka tuelewane, maana ndipo wengi wetu, tena wakulima hodari, tunapoteleza. Kijani si cheti cha usafi. Mwenyezi Mungu ameijalia mimea elimu zake. Mingine huizuia metali mizizini isipande juu. Mingine huinyonya, ikaihifadhi kwenye majani, na jani lisibadilike rangi. Kuna mti katika kisiwa cha New Caledonia, bahari ya Pasifiki, uitwao Pycnandra acuminata. Ukiuchanja gome unatoa utomvu wa buluu-kijani kwa wingi wa nikeli iliyomo, na mti wenyewe umesimama na afya yake. Kinachomfaa mti si lazima kimfae mla majani.

Wenzetu mliotoka Katanga kule Kongo hamna haja ya kwenda Pasifiki kuyajua haya. Mmeviona vile vilima vya shaba. Unapita kwenye miombo, miti imeshonana, ghafla miti inakoma kana kwamba umechorwa mstari, na mbele yako ni nyasi fupi na maua. Ardhi pale ina shaba na kobalti kwa kiasi ambacho kingeua shamba la mahindi, na bado Mola ameipa mimea yake. Mmoja wao ni mmea mdogo wa ukoo wa mrehani, wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense. Watafuta madini waliufuata ili kujua shaba iko wapi. Baadaye wanaakiolojia nao wakaufuata, na katika baadhi ya sehemu ulipoota wakakuta mabaki ya matanuru ya wahunzi wa kale, watu walioyeyusha shaba karne nyingi kabla Mbelgiji hajakanyaga. Matanuru yalibomoka, majina ya wahunzi yalisahaulika, lakini ule udongo waliouchafua kwa masizi na vumbi la shaba ulibaki na alama, na ua likaota juu yake kizazi baada ya kizazi.

Tumefundishwa, ndugu zangu, kwamba Siku ya mtetemeko mkuu ardhi itasimulia habari zake zote. Mimi nikisikia kisa cha mmea huo wa Katanga nasema: ardhi haijangoja Siku hiyo. Imeshaanza kutoa ushahidi, kwa mwenye macho ya kuusoma.

Na kuna ushahidi mwingine uko karibu nasi hapa, ambao nadhani wengi wetu hatuujui.

Mji wa Tonawanda umepakana na Amherst yetu hii. Pale Tonawanda, kati ya mwaka 1942 na 1946, kampuni ya Linde Air Products ilipewa kazi na jeshi la Marekani ya kutoa urani kwenye mawe kwa ajili ya bomu. Sehemu ya mawe hayo ilitoka Marekani yenyewe, Colorado. Sehemu nyingine, ile yenye nguvu zaidi, ilitoka Shinkolobwe. Nasikia mtu anavuta pumzi. Naam, Shinkolobwe ya Katanga, karibu na Likasi. Wafanyakazi wa Kiafrika wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière waliichimba, wakayachambua mawe kwa mikono yao. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha tani zipatazo 1,200 hadi Staten Island, New York, na mwaka 1942 jeshi likazinunua. Urani nyingi ya bomu lililoiangukia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwenye shimo lile.

Basi mawe yakasagwa, urani ikatolewa, na mabaki, yale ambayo wachimbaji wa Geita huyaita marudio, yakawa hayana mwenyewe anayeyataka. Mabaki ya mawe ya Marekani, tani kama 8,000, yalimwagwa kwenye kiwanja cha wazi Tonawanda, juu ya ardhi tu. Mwaka 1974 kampuni ya mafuta iliyokuwa imekinunua kiwanja ilichimba udongo ili kujenga mahali pa matangi, na udongo ule ukahamishiwa sehemu nyingine mbili. Maji machafu ya kiwanda, mamilioni ya galoni, yalisukumwa chini ya ardhi kwenye visima. Na mabaki ya mawe ya Kongo? Hayo yalipelekwa Lewiston, upande wa Niagara, safari isiyofika kilomita 40 kutoka hapa tulipokaa. Sababu yake naomba muisikilize. Kampuni ya Kibelgiji ilikuwa imeuza urani lakini ikabakisha umiliki wa radiamu iliyobaki ndani ya taka, kwa kuwa radiamu ilikuwa na bei. Kwa hiyo taka zikawekwa akiba kwa ajili ya tajiri. Tajiri hakurudi kuzichukua. Mabaki mengine ya mawe ya Kongo, makali zaidi, yaliyosafishwa St. Louis, yaliletwa yakawekwa kwenye mnara wa zege uliojengwa kuwa tangi la maji. Miaka ya 1980 yote yakafukiwa pamoja chini ya kifuniko cha udongo wa mfinyanzi, na kifuniko kile kikaitwa cha muda. Leo ni miaka arobaini. Mwaka 2019 serikali ilikata shauri kwamba yachimbwe na kuondolewa.

Fikirini jambo hili. Baba amekimbia vita Kongo, amekaa kambini miaka kumi na kitu, Mungu amemfungulia njia akafika Buffalo, anashusha mzigo wake na kusema kheri, nimefika mbali na yale. Kumbe udongo wa kwao ulimtangulia. Ulifika kabla yake, bila viza, kwa amri ya watu ambao hawakumuuliza babu yake alipokuwa akiubeba wala hawakumuuliza jirani wa Lewiston alipokuwa akiupokea. Utajiri ulikwenda upande mmoja na sumu ikawagawanyikia maskini wa pande mbili za dunia.

Dini yetu ina neno juu ya hili. Mtume wetu alikataza mtu kujisaidia njiani, au kwenye kivuli wanapopumzika watu, au kwenye maji wanayochota, na akayahesabu mambo hayo kuwa yanamvutia mtu laana. Na kile kinachomtoka mwanadamu jua hukikausha, ardhi hukigeuza mbolea. Ikiwa hicho kimekatazwa, mnasemaje juu ya taka ambazo haziozi, ambazo zitamkuta mtoto ambaye mama yake hajazaliwa? Kanuni ya kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana haikuweka kiwango cha fedha ambacho ukikifikisha unaruhusiwa kudhuru. Na ardhi hii tumepewa iwe pa kusujudia, na tukikosa maji tunatayamamu kwayo, kwa udongo ulio safi. Anayeunajisi udongo kwa sumu ameharibu kitu ambacho Mungu alitupa tujisafishie.

Lakini nisije nikawafanya mkadhani dhulma hii ni ya makafiri na makampuni tu. Kaskazini mwa Nigeria, jimbo la Zamfara, ni nchi ya Waislamu, misikiti kila kona. Bei ya dhahabu ilipopanda, watu wakaleta mawe ya dhahabu majumbani, wakayasaga kwa mashine zile zile za kusagia unga, uani, mbele ya watoto. Mawe yalikuwa na risasi nyingi mno. Mwaka 2010 walikufa watoto zaidi ya 400, wengi wao hawajatimiza miaka mitano. Hakukuwa na Mbelgiji pale. Walikuwa baba wanaotafuta riziki ya halali, wakiswali swala tano, ambao hawakujua kilichomo ndani ya lundo. Vijiji vikasafishwa kwa kukwangua udongo wa juu, kiwanja kwa kiwanja. Nakitaja kisa hiki kwa uchungu kwa sababu kinafanana na ule ua wa West Side: mapenzi ya mzazi yapo, bidii ipo, ujuzi wa udongo haupo.

Na Katanga vivyo hivyo. Upande ambao upepo ulikuwa ukisukuma moshi wa tanuru la shaba la Lubumbashi, lililowashwa mwaka 1911, miombo ilikufa, ardhi ikabaki uchi na mvua ikaila. Watafiti waliopima mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kule wamekuta kobalti kwa viwango vya juu mno, na watoto wakiwa wameathirika zaidi. Watu hao wengi hawaingii mgodini. Wanakula mboga, wanavuta vumbi, wanaishi. Lakini kuna kheri pia ya kusimulia: wasomi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuifunika ile ardhi iliyokufa kwa kuitia chokaa na mboji, kisha wakapanda nyasi ya kienyeji iliyozoea shaba, Microchloa altera, ili mizizi yake ishike udongo usipeperuke. Haiondoi sumu. Inaituliza mahali pake. Wametumia alichokiumba Mungu pale pale kutibu kilichoharibiwa na mikono ya watu.

Nasema hivyo kwa sababu kuna maneno yanazunguka kwenye simu zetu kwamba ukipanda alizeti msimu mmoja risasi yote inanyonywa. Si hivyo. Risasi haipandi kwa urahisi kwenye mimea, na kwa alizeti utangoja maisha yako yote. Mkulima asijipe amani kwa jambo ambalo halijathibiti.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya jembe, pima. Kama tunavyotia udhu kabla ya swala, na swala bila udhu haisihi hata mtu akisujudu hadi paji la uso likaota sugu, kadhalika tuujue udongo kabla ya kupanda. Chukueni udongo wa sehemu nane au kumi za bustani, kina cha kiganja, muuchanganye kwenye ndoo ya plastiki iliyo safi, na mchukue kikombe kimoja cha mchanganyiko huo. Udongo wa chini ya mchirizi wa nyumba uwekwe mbali, upimwe peke yake. Ofisi ya Cornell Cooperative Extension ya Kaunti ya Erie itawaelekeza maabara. Na mkifika msiseme tu "nataka kupima udongo," maana mtapimiwa rutuba, mtaambiwa naitrojeni na fosforasi, mtarudi mmefurahi. Semeni: nataka kipimo cha risasi na metali nzito.

Majibu yakija mabaya, kulima hakujaharamishwa. Jengeni tuta la juu kwa fremu ya mbao, tandazeni kitambaa kizito chini, mjaze udongo safi na mboji. Sogeeni mbali na ukuta wa nyumba. Chokaa, pale udongo ulipo na asidi, hupunguza metali kuingia mizizini, na mboji hufanya kazi kama hiyo. Nyanya, bamia, maharage na maboga hubeba risasi kidogo. Mboga za majani hunasa vumbi, na viazi na karoti hulala ndani ya udongo wenyewe. Kadimiamu nayo ina tabia mbaya zaidi, hupanda hadi kwenye jani, na mchicha ni mmoja wa wanaoipokea. Kwa hiyo lengalenga, ambayo ndiyo mboga ya moyo wetu, ndiyo inayotaka udongo safi kuliko zote. Osheni majani kwa maji zaidi ya mara moja. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni kinga kubwa, tusiiache kwa kuiga watu. Na mtoto akitimiza mwaka mmoja, kisha akitimiza miwili, apimwe damu. Ni sheria ya jimbo la New York, kwa hiyo msione haya kumdai daktari.

Nirudi kwa yule muuzaji wa Madina. Aliyepima, akajua, kisha akapeleka mboga sokoni au kwa jirani bila kusema, huyo ameuficha unyevu chini ya lundo. Na asiyepima kwa kuogopa kujua, wakati njia ya kujua iko karibu, ana swali la kujibu mbele ya Mola wake. Tumeahidiwa kwamba kila anachokula ndege, mtu au mnyama kwenye mmea ulioupanda kinaandikwa sadaka yako. Ahadi tamu. Itakuwaje mtu apeleke kwenye mizani yake ya sadaka jani lenye sumu?

Na sauti zetu pia ni amana. Pale Niagara Falls, mtaa wa Love Canal, kampuni ya kemikali ilifukia taka zipatazo tani 21,000, ikafunika udongo juu, na mwaka 1953 ikakiuza kiwanja kwa bodi ya shule kwa dola moja. Waliolifichua jambo lile hawakuwa maprofesa. Mama mmoja wa nyumbani, Lois Gibbs, alibisha hodi mlango hadi mlango akiuliza nani anaumwa nini, hadi Rais akatangaza hali ya dharura mwaka 1978, na mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kusafisha maeneo kama hayo nchi nzima. Kwetu Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru uliopewa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, Phyllis Omido na wenzake walidai haki miaka mingi. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi wao mwaka 2024. Kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kinachosimamia usafishaji wa Tonawanda na Lewiston huitisha mikutano ya hadhara. Sijui kwa nini viti vile vikaliwe na watu wote isipokuwa watu wa Katanga. Nendeni. Semeni kwa mkalimani ikibidi: hayo mawe ni ya kwetu, waliyachimba wazee wetu, tunataka kujua yanapelekwa wapi na huko yanakokwenda kuna nani.

La mwisho ni la sisi tunaoishi hapa Amherst, na hapa nitasema waziwazi. Mola ametupa nyumba za miaka ya karibuni na nyua pana. Rangi ya risasi kwetu ni kidogo, viwanda vilikuwa mbali. Wenzetu wa West Side na East Side wanakodi nyumba za mbao za zamani kwa sababu hizo ndizo wanazozimudu, na kwa hiyo udongo mchafu umewafuata kwa sababu ya umaskini wao. Na sisi kwenye udongo wetu ulio safi tumepanda nini? Nyasi. Tunazikata kila Jumamosi na kuzitupa. Ndugu zetu Wasomali Wabantu walionyesha njia; mwaka 2017 walianza kulima, na kazi ile leo ni Providence Farm Collective huko Orchard Park, familia nyingi za wakimbizi zinalima pale. Lakini Orchard Park ni mbali kwa mama asiye na gari.

Kwa hiyo baada ya swala kutakuwa na daftari pale kwenye rafu za viatu. Mwenye ua Amherst, Williamsville au Getzville anayeweza kutoa kipande, hata hatua kumi kwa kumi, aandike jina lake na siku anazokuwa nyumbani. Mwenye kuhitaji mahali pa kulima aandike upande wa pili. Vijana wenye magari waandike chini. Na nyinyi wenye nyua, pimeni kwanza pia, msijiamini: sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa mashamba, na penye bustani za matofaa ya zamani wakulima walipuliza dawa yenye risasi na aseniki hadi ilipokuja DDT baada ya Vita vya Pili. Kikombe kimoja cha udongo kutoka kila ua, kwenye mfuko wa plastiki, jina na anwani juu yake. Nitaipokea mifuko hiyo hapa mlangoni Ijumaa ijayo, niipeleke yote pamoja, na gharama ya maabara kwa asiyeweza itatoka kwenye sanduku la sadaka.